Mhadhara Juu ya Bwana Selznick, Utolewao na Bingwa Pekee

Mabibi na mabwana, waheshimiwa, na ninyi mliokimbilia humu kwa sababu ya mvua: kaeni. Makofi yenu yamekuwa hafifu, lakini nimeyapokea kwa niaba ya elimu.

Mtayarishaji wa filamu haigizi, haongozi, wala hashiki kamera. Kazi yake ni kumweleza kila mwenye kazi kwamba anakosea. Gwiji wa taaluma hiyo ni David O. Selznick, mzaliwa wa Pittsburgh, 1902. Hiyo O si kifupi cha jina lolote. Aliipachika mwenyewe, jina likolee. Mahasidi huniuliza Uprofesa wangu nimeupata wapi. Basi, mlango ni huohuo.

Baba yake alitayarisha filamu hadi akafilisika. Mwaka 1930 kijana akamwoa Irene, binti wa Louis B. Mayer, mkuu wa MGM. Wambea wakanong'ona. Mimi nasema ukwe nao ni shahada.

Sasa shikeni kalamu. Mwaka 1936 alinunua haki za riwaya ya Margaret Mitchell, Gone with the Wind, kwa dola 50,000. Desemba 1938, mwigizaji wa Scarlett, mhusika mkuu, akiwa bado hajatangazwa, aliamuru Atlanta ya filamu iungue: akatia moto seti kuukuu uwanjani, ukiwemo ukuta wa King Kong, filamu aliyoisimamia mwenyewe alipokuwa studio ya RKO. Huko ndiko kufagia ghala kisomi! Nyota Clark Gable akamwazima kutoka MGM, na baba mkwe, kwa upendo wa kifamilia, akachukua nusu ya faida. Mwongozaji George Cukor akafukuzwa, Victor Fleming akaitwa. Fleming alipoishiwa nguvu akaingia Sam Wood. Waandishi walipishana mlangoni, hata F. Scott Fitzgerald akapita humo. Aliyedumu ni Selznick na memo zake, akizisomea makatibu wapige taipu mpaka usiku wa manane: nywele ziwe hivi, nyusi zile ziachwe.

Filamu ilizinduliwa Atlanta, Desemba 1939. Hattie McDaniel, aliyeigiza Mammy, hakuhudhuria, kwa kuwa sheria za ubaguzi za Georgia zilimzuia kuketi na wenzake weupe. Miezi michache baadaye akawa Mweusi wa kwanza kushinda Oscar, na usiku huohuo akawekwa meza ya pembeni. Hapo hata mimi sina la kujigamba.

Tuendelee. Selznick alimleta mwongozaji Hitchcock kutoka Uingereza, wakatoa Rebecca, kisha akawa anamkodisha yeye na mwigizaji Ingrid Bergman kwa studio nyingine, kwa bei iliyopita mishahara yao. Wenye fikra finyu huita hiyo udalali.

Filamu yake ya mwisho, A Farewell to Arms, ilitoka 1957. Mwongozaji John Huston alipokea memo ya kurasa nyingi, akaisoma, akaondoka. Memo ikabaki.

Maswali yaandikwe, yasizidi mstari mmoja. Majibu yangu yatawafikia majumbani, kwa awamu.