Yah: Pongezi kwa Usawa Uliolala Kabatini

Waheshimiwa wakuu wa ofisi za umma, Handeni na Korogwe,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Ofisi isiyohusika, barua hii na iipite.

Nawapongeza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na mpango wa usawa kazini, asibague mtu kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito wala ulemavu. Katika ofisi moja, ambayo jina lake naliacha kwa heshima ya wenyewe, mpango upo. Umepigwa mhuri, umetobolewa, umefungwa kwa kamba ndani ya jalada, na jalada limelala kabatini. Ufunguo anao afisa aliyekwenda semina ya usawa. Hapo usawa ni kamili: wenye ulemavu na wasio nao, wote hawausomi.

Njia ya mteremko ya viti mwendo nayo ipo. Juu yake zimeegeshwa pikipiki mbili za kazi, maana pana kivuli. Mwenye kiti mwendo huhudumiwa dirishani, akipaza sauti hadi wauza machungwa ng'ambo ya barabara wakazijua shida zake zote. Huo ndio uwazi wa serikali.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inasema mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi, asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Naelewa ugumu wenu: asilimia 3 ya watu 20 ni mtu 0.6. Huenda bado mnamsubiri huyo nusu na ushei aombe kazi. Lakini kwa watumishi 100 hesabu inatoa watu watatu kamili, hapo kikokotoo hakina kosa.

Mtanijibu kwamba watumishi hupangwa na Sekretarieti ya Ajira, Dodoma. Ni kweli. Ila zile pikipiki hazikupangiwa kituo na Sekretarieti.

Naomba mawili tu. Bandikeni kwenye ubao wa matangazo, kila mwaka, idadi ya watumishi wote, wenye ulemavu wangapi, na wanawake wangapi wanaongoza idara. Pili, ondoeni pikipiki. Hili la pili halihitaji bajeti, kikao wala posho; linaweza kufanyika leo kabla ya saa nne ya chai.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,
Mwananchi wa dirishani