Sifa za Domokaya wa Sinema

Kila aliyewahi kutazama filamu na wenzake anamfahamu. Iwe sebuleni, iwe kibanda umiza, iwe ukumbi wa viti vya kuegemea na bisi za bei mbaya, domokaya hakosekani. Huingia picha imeshakwenda nusu saa, huuliza steringi ni yupi, husinzia katikati, huzinduka risasi zikilia, na majina ya waigizaji yakianza kupanda yeye ndiye wa kwanza kutoa hukumu: "Hamna kitu hapa." Watu humsonya. Magazeti hayampi hata safu moja, na hakuna tamasha, si la Zanzibar wala la Cannes, lililowahi kumkabidhi tuzo. Dhuluma hiyo imetosha. Domokaya ana faida kwa sinema kuliko mhakiki aliyesomea, na maoni yake ya ovyo ndiyo mahakama ya rufani ya kila filamu.

Tuanze na uadilifu wake. Hakimu mwema hatakiwi kuwa na upande, na nani asiye na upande kuliko mtu aliyelala wakati kesi inasikilizwa? Domokaya hakuitazama picha kiasi cha kuipenda wala kuichukia, kwa hiyo hukumu yake haina chembe ya upendeleo. Tena hahongeki, maana haijamjia mtu yeyote akilini kumhonga. Wenye fani hawawezi kujigamba hivyo. Mwaka 2001 ilibainika kwamba David Manning, mhakiki aliyekuwa akinukuliwa kwenye matangazo ya Columbia Pictures akizimwagia filamu zake sifa, hakuwa binadamu wa kuzaliwa. Alibuniwa na watu wa masoko wa Sony, kampuni inayoimiliki Columbia. Alipewa jina, akapachikwa kwenye gazeti la mji mdogo huko Marekani. Alichokosa ni mwili tu. Domokaya hana gazeti, lakini mwili anao, na mara nyingi umekaa mbele yako ukikuzibia skrini.

Atasema mtu kwamba domokaya hajui analolisema: hajui uongozaji, hajui uhariri, na neno lake la juu kabisa la sanaa ni "kali". Kweli hajui. Basi tuwatazame wanaojua. Vertigo ya Alfred Hitchcock ilipotoka mwaka 1958, wahakiki wengi waliipokea kwa uvuguvugu. Mwaka 2012, kura ya wahakiki inayoendeshwa na jarida la Sight and Sound la Uingereza ikaitangaza filamu bora kuliko zote. Mwaka 2022 kura hiyo hiyo ikaishusha na kuiweka juu Jeanne Dielman ya Chantal Akerman. Wataalamu walihitaji miaka 54 kugeuza kauli. Domokaya huiponda picha saa tatu usiku, na saa nne, akishasimuliwa yaliyotokea alipokuwa amelala, anaapa kwamba hajapata kuona picha nzuri kama ile. Ikiwa wote watageuka tu, heri anayegeuka usiku uleule.

Ushahidi mzito zaidi unatoka Bombay. Sholay ya Ramesh Sippy ilipoanza kuonyeshwa Agosti 1975, magazeti yaliiponda, na mapato ya siku za mwanzo yakawavunja moyo wenyewe. Waliingiwa na hofu hadi wakafikiria kuupiga upya mwisho ili Jai, aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, asife. Kwa sheria za vibandani kwetu walikuwa na hatia, kwani steringi hafi. Kilichowaokoa hakikuwa kalamu ya mtaalamu. Waliotoka ukumbini walikwenda kuropoka, walioropokewa wakaenda kujionea, na maneno ya jambazi Gabbar Singh yakapendwa hadi yakauzwa kwenye santuri. Ukumbi wa Minerva uliionyesha kwa zaidi ya miaka mitano. Mwisho haukuguswa: Jai alikufa, na waliolipa kiingilio wala hawakudai kurudishiwa.

Shitaka la pili ni kwamba domokaya anatoboa siri. Hitchcock alimwogopa kiasi kwamba mwaka 1960, alipotoa Psycho, aliagiza asiingizwe mtu picha ikishaanza, na akawasihi watazamaji wasiwasimulie wengine mwisho wake. Lakini dunia nzima ilijua tangu mwaka 1912 kwamba Titanic ilizama, na filamu ya 1997 ilijaza kumbi na kuzoa Oscar 11. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichapisha matokeo kwamba wasomaji walioambiwa mapema mwisho wa hadithi fupi walizifurahia, kwa wastani, kuliko wasioambiwa. Tafiti nyingine za baadaye zimewapinga. Domokaya naye hupinga kila mtu, kwa hiyo tuseme ni sare. Hata hivyo, picha inayokufa kwa sentensi moja ya jirani ilikuwa mgonjwa tangu zamani.

Limebaki shitaka la kelele. Japani, enzi za sinema bubu, benshi alisimama kando ya skrini akisimulia picha nzima, akalipwa na kutangazwa jina lake kama nyota. Dar es Salaam, Lufufu alijijengea jina kwa kusimulia picha za kigeni kwa Kiswahili; Kenya akatokea DJ Afro; Waganda wakawapa mafundi hao cheo cha VJ. Wasikilize wakiwa kazini. Sauti ya picha inashushwa, steringi anafungua mdomo, na msimuliaji, kabla hata ya kumtafsiri, anamsema: kaambiwa asiingie humo, kaingia, haya sasa. Kibanda kizima kinacheka, na asiyejua neno la Kiingereza wala la Kichina ameshaelewa nani mbishi na nani mbaya. Kazi hiyo ni ya domokaya yuleyule, ila huyu kapewa kipaza sauti. Tunamlipa kiingilio mmoja na kumsonya mwingine kwa kosa lilelile.

Siku hizi kila mtu anatazama na simu yake, spika masikioni, na picha ikiisha hakuna wa kubishana naye. Anayetaka kimya kashapata kimya chake, na awe nacho. Sisi wengine, tunaotaka kujua kama picha inafaa kupoteza usiku wetu, tumwache domokaya aseme. Akizidi, mnunulieni bisi, tena pakiti kubwa.