Namna ya Kung'ara Bila Kupanda Mlima

Tarehe 6 Agosti Kanisa linaadhimisha Kung'ara kwa Bwana. Kama hukujua, usijilaumu. Songea wakati huo watu wana mahindi uani, wengine wanasubiri zamu ya kupima magunia kwa NFRA, wakala wa hifadhi ya chakula, na wenye nauli mawazo yao yameshafika Mbeya kwenye maonyesho ya Nane Nane. Sikukuu yenyewe haina kadi wala pilau. Hata misa yake si ya lazima, isipokuwa ikiangukia Jumapili kama ilivyokuwa 2023 na itakavyokuwa 2028.

Ndiyo maana inakufaa. Krismasi kila mtu ni mcha Mungu, utaonekanaje? Sikukuu isiyojulikana, ukiitaja tu, umeshawapita mtaa mzima. Nifuate taratibu.

1. Jua kidogo, sema taratibu. Inatosha kukumbuka kwamba Yesu aliwachukua Petro, Yakobo na Yohane mlimani, uso wake ukang'aa kama jua, na Musa na Eliya wakatokea wakazungumza naye. Injili haziutaji mlima kwa jina. Mapokeo yanasema ni Tabor, nawe sema "Tabor" kwa sauti ya mtu aliyewahi kuteremkia kituo hicho. Kisha ongeza kwamba Papa Kalisto III ndiye aliyeieneza sikukuu hii kwa Kanisa zima mwaka 1457, kwa shukrani ya ushindi wa Belgrade mwaka uliotangulia. Hakuna atakayeuliza Belgrade iko wapi. Akitokea wa kuuliza, tazama saa.

2. Usiende Peramiho. Wabenediktini walifika pale mwaka 1898, na sala zao za alfajiri huanza jogoo wako akiwa bado usingizini. Ukisimama karibu na watu wa namna hiyo, mng'ao wako unafifia. Hanga na Chipole, kwenye Wabenediktini wengine, vilevile kaa mbali. Chagua kigango ambacho katekista ana haraka.

3. Vaa nyeupe. Marko, katika kueleza mavazi ya Yesu yalivyong'aa, anamtaja hata dobi: hakuna dobi duniani angeweza kuyafikisha weupe ule. Wewe una sabuni ya mche, bluu kidogo na pasi ya mkaa, kwa hiyo usikate tamaa. Ila pasi ya mkaa nayo ina yake, huisubiri kola ndipo iteme jivu. Usifute, utalipaka. Pulizia, kisha bandika hapo beji ya chama chako cha kitume.

Halafu kuna vumbi. Agosti yetu ni upepo wa baridi na udongo mwekundu, na ukipanda bodaboda kutoka Lizaboni mpaka Mahenge na shati jeupe, utashuka una rangi ya tofali. Panda na sweta kuukuu, shati likunje kwenye gazeti, ubadilishie nyuma ya kanisa. Atakayekukuta umevua atadhani ni mwanakwaya, nao wamezoeleka.

4. Mlima upo, utumie kama pazia la studio. Matogoro inaonekana vizuri tu ukiwa mjini, ya nini kuikaribia? Ukiulizwa mbona hukupanda, jibu ni la kizalendo: huko ni msitu wa hifadhi, ndiko Mto Ruvuma unakoanzia, na wewe ni mtu wa kulinda vyanzo vya maji. Simama barabarani saa kumi na moja jioni, milima iwe nyuma yako na jua likupige usoni. Uso utang'aa bila kufunga wala kusali, na picha haitaonyesha tofauti.

5. Sala zikianza, sinzia kwa heshima. Hapa una mashahidi wazito. Luka anasema Petro na wenzake walilemewa na usingizi palepale mlimani, na mmoja wao ndiye Papa wa kwanza. Jumuiya ikija kusali rozari nyumbani, piga magoti, laza paji la uso kwenye kiti cha plastiki, funga macho. Kiti kitakuchora mistari. Usiipanguse, maana wageni wataisoma kama dalili ya tafakari nzito. Na siku ikiwa Alhamisi umebarikiwa zaidi, kwa kuwa ni siku ya Matendo ya Mwanga, yale aliyoyaongeza Yohane Paulo II mwaka 2002, na Kung'ara ni tendo la nne. Amka hapo, itikia kwa nguvu, halafu rudi ulikotoka.

6. Kimya kikizidi, pendekeza ujenzi. Hii ndiyo hatua niipendayo kuliko zote. Petro alipoona utukufu ule hakusujudu kwanza. Alitoa wazo la vibanda vitatu, kimoja cha Yesu, kimoja cha Musa, kimoja cha Eliya. Injili inasema hakujua asemalo. Mimi naona alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, amezaliwa mapema mno. Kosa lake ni kujisahau, hakujitengea hata kibanda kidogo.

Usilirudie kosa hilo. Paroko akisema tukae kimya tutafakari, subiri apumue, kisha nyosha mkono: vipi groto? Vipi vigae, geti, jiwe la msingi lenye majina? Watu watafumbua macho kwa furaha, kwa sababu kutafakari kunachosha lakini kila mtu ana maoni kuhusu vigae. Kamati itaundwa hapohapo, na wewe umo. Kwenye mnada wa kuchangia ujenzi toa jogoo, kisha mnunue mwenyewe kwa bei ya mbuzi, watu wakipiga vigelegele. Mweka hazina akifika na daftari, mnong'oneze aandike "ahadi". Ahadi husomwa kwa sauti ileile ya fedha taslimu, na jogoo unarudi naye nyumbani.

7. Tunza siri hadharani. Walipokuwa wakishuka, Yesu aliwakataza wale watatu wasimwambie mtu mpaka atakapofufuka. Nawe tii. Weka ile picha ya Matogoro kwenye status na uandike: "Niliyoyaona leo siwezi kuyasema." Usijibu anayeuliza. Atakuwa ameuliza wengine kumi kabla ya kulala.

8. Shuka kwa tahadhari. Wengi wanaoanza vizuri huharibu hapa. Injili inasema chini ya mlima palikuwa na baba aliyekuja na mwanawe mwenye kifafa, aliyekuwa akianguka mara motoni, mara majini, na wanafunzi walioachwa chini walishindwa kumponya. Waliopanga masomo ya sikukuu wamekuhurumia, maana Injili ya siku hiyo inakatwa kabla ya baba huyo kufika.

Jirani yako, hata hivyo, hafuati kalenda ya liturujia. Usiku huohuo anaweza kugonga, mtoto mgongoni ana degedege, bodaboda hawapokei simu, na hospitali ya misheni iko Peramiho, kulekule ulikokwepa kwenda. Gari unalo na mafuta yamo. Zima taa za sebuleni mapema. Akikuwahi mlangoni, mpe pole, mwahidi kumkumbuka katika sala, umwambie gari liko kwa fundi tangu jana. Ila uwe umeshaliingiza nyuma ya nyumba, na wanao wawe wamefundishwa jina la fundi.