Heshima kwa Utangulizi Usioombwa

Kila ukurasa wa tovuti ya kampuni una uongo wake mdogo. Ule wa "Kuhusu Sisi" husema mteja ni mfalme. Ule wa huduma hutaja kazi ambazo kampuni inaomba Mungu usiziagize wiki hii. Ule wa mawasiliano una fomu, na fomu hiyo hupeleka ujumbe wako kwenye barua pepe ya mtu aliyeacha kazi zamani. Ukurasa mmoja tu husema kweli tupu, nao ni ule unaotangulia yote: nembo inazunguka, herufi zinaingia moja moja kutoka pembeni, mwanga unapita juu ya jina la kampuni, na muziki unalipuka katikati ya ofisi yenye watu. Huo hausemi mteja ni mfalme. Unamwambia akae kwanza, awatazame wenye nyumba.

Kwa ukweli huo peke yake, utangulizi unaocheza unastahili sifa ambazo haujawahi kupewa. Umetukanwa robo karne. Wabunifu waliojenga nyumba kwa malipo yake wanaukana hadharani. Nimeona niusifu mimi, kwa kuwa simo katika fani yao na sina mteja wa kumpoteza.

Anayesifiwa hutajiwa ukoo kwanza. Mwaka 1996 kampuni ndogo ya Marekani, FutureWave, ilitoa programu ya kuchora picha zinazocheza iliyoitwa FutureSplash Animator. Haukupita muda Macromedia wakainunua kampuni hiyo, na programu ikapewa jina la Flash. Ujanja wake ulikuwa wa kweli, na hapa sitanii. Badala ya kubeba kila nukta ya picha, faili lilibeba maelezo ya mistari na rangi, kisha kompyuta ya mtazamaji ikaichora picha yenyewe. Kwa hiyo mchoro uliweza kucheza bila kuwa na uzito wa video. Ni chombo kilichobuniwa kwa ajili ya watu wenye laini dhaifu. Na wabunifu walipoona kwamba kimewaachia nafasi, wakaijaza nafasi hiyo kwa ngoma, mwangwi, picha za majengo marefu na sayari ya dunia inayozunguka, hata kwa kampuni ambayo biashara yake haijavuka mtaa wa pili.

Tupige hesabu kidogo. Modemu ya simu iliyosifika kuliko zote wakati ule ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, yaani kilobaiti saba, tena siku ambayo laini imeamka salama. Utangulizi wa kilobaiti 700, ambao haukuwa wa kutisha, ulihitaji sekunde 100 kushuka. Mteja alikaa akitazama asilimia zikipanda, ili hatimaye aone filamu ya sekunde 20 inayomfunulia jina la kampuni. Jina hilohilo alikuwa amelichapa kwa mkono wake mwenyewe ndipo akafika pale.

Wabaya wa utangulizi huita huko kupoteza muda. Mimi nasema ni malezi, na kwetu malezi hayo yalikuwa na ada. Hadi Julai 2009, mkongo wa baharini wa SEACOM ulipowashwa ukiwa umetua Mombasa na Dar es Salaam, Afrika Mashariki iliufikia ulimwengu wa intaneti kupitia setilaiti, na watu wengi waliingia humo kwenye mikahawa ya intaneti iliyotoza kwa muda. Mtu aliyehitaji namba ya simu ya hoteli alikaa pale, saa inahesabu kwenye kona ya skrini, akilinunua kwa fedha yake tangazo la mtu mwingine. Wenye mabango ya Barabara ya Morogoro, kwa werevu wao wote, hawajapata namna ya kumtoza dereva kila bango analolipita. Utangulizi ulifika huko bila hata kujaribu.

Asiyeuelewa utukufu huu bila shaka hajahudhuria shughuli rasmi siku za karibuni. Kadi imesema saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi anaingia saa tano. Anayeshika kipaza sauti hawezi kusema alichojia mpaka amtambue mgeni rasmi, mkuu wa wilaya, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, wazee maarufu, wadau wa maendeleo, na mama mmoja aliyesahauliwa mstari wa mbele ambaye inabidi msemaji amrudie kwa kicheko cha aibu. Anaketi. Anayemfuata anawataja wote upya, kwa mpangilio tofauti, akiongeza wawili. Jua linapanda, maji ya chupa yanaisha. Kisha anasimama msemaji wa sita, mtu aliyeumbwa kwa rehema, anatamka maneno mawili tu, "Itifaki imezingatiwa", na hema zima linashusha pumzi.

Maneno hayo mawili, kwenye tovuti, ni kile kitufe kidogo kilichoandikwa "Skip Intro".

Kitufe hicho ndicho utukufu hasa wa fani hii. Taja kazi nyingine ya sanaa ambayo mtengenezaji wake, kabla hujaiona, amekuchongea mlango wa kuikimbia na kuuweka pale penye kuonekana vizuri. Mhubiri hafanyi hivyo. Mwimbaji hafanyi hivyo. Mwandishi wa makala, nakiri, hathubutu. Utangulizi peke yake ndio wenye unyenyekevu wa kuja na dawa yake mkononi. Na ukitazama tovuti yote, menyu zake, fomu zake, habari zake za mwaka juzi, hicho ndicho kitu pekee ambacho kila mgeni alikibonyeza kwa hiari na kwa furaha. Urithi wake haukupotea: mwaka 2017 Netflix waliweka kitufe cha jina hilohilo kwenye tamthilia zao, na miaka mitano baadaye wakatangaza kuwa kinabonyezwa mara milioni 136 kwa siku, kikiokoa muda wa miaka 195 kila siku. Hawa ni watu waliolipia wenyewe kutazama.

Utauliza: kama kila mtu anauruka, nani aliununua? Hapo tumefika kwenye kiini. Utangulizi haukuwahi kuuzwa kwa mteja wa kampuni. Uliuzwa chumba cha mikutano, mapazia yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, projekta ikiangaza ukutani. Kijana mbunifu amekuja na kompyuta yake, faili limo ndani, halina modemu ya kulichelewesha. Anabonyeza. Jina la kampuni linapanda kutoka gizani, limezungukwa na mwanga, ngoma zinalia. Mkurugenzi aliyeianzisha kampuni hiyo katika chumba kimoja cha kupanga, aliyekopa, aliyenyimwa mkopo, aliyeandika jina hilo kwa rangi juu ya ubao, analiona sasa limekuwa sinema. Wasaidizi wake wanamtazama yeye, hawatazami ukuta. Anapotabasamu, wanatabasamu. Hundi inaandikwa jioni hiyohiyo.

Ukilipima tangazo kwa idadi ya walengwa walioridhika, utangulizi haujapata mpinzani: mlengwa ni mmoja na ameridhika. Naye hatautazama tena, kwa kuwa haendi kwenye tovuti ya kampuni yake. Namba ya simu ya ofisi anaijua kichwani.

Kuna waliofika mbali zaidi. Novemba 1999 lilifunguliwa mjini London duka la mavazi la mtandaoni, Boo.com, lenye muuzaji wa kuchorwa aliyeitwa Miss Boo, picha za nguo za kugeuza huku na huku, na kurasa nzito kiasi kwamba wateja wengi wenye modemu hawakuweza kufika penye kulipia. Mei 2000 lilifungwa, likiwa limekwisha kutumia takriban dola milioni 135. Haki itendeke: halikuuawa na michoro peke yake, maana fedha zilitoka kwa milango yote. Lakini nani mwingine aliwahi kuzilinda bidhaa zake dhidi ya wanunuzi kwa uaminifu ule? Mwaka huohuo wa 1999 mtu mmoja wa mzaha alitengeneza Zombo.com: duara za rangi zinawaka na kuzima, sauti nzito inakukaribisha tena na tena na kukuahidi kwamba hapo utaweza kufanya lolote utakalo, na nyuma yake hakuna kitu. Wengi walicheka. Mimi naiona kuwa ndiyo kazi iliyokamilika kuliko zote za fani hii, na najua kampuni kadhaa zilizoikaribia sana bila kukusudia mzaha.

Maadui hawakukosekana. Oktoba 2000 Jakob Nielsen, bingwa wa kupima urahisi wa tovuti, aliandika kwamba asilimia 99 ya Flash ni mbaya, akaweka hesabu hiyo kwenye kichwa cha makala. Mwaka 2002 Macromedia wakamchukua awasaidie kuandaa miongozo. Nielsen hakuuona upole wa mtuhumiwa wake. Maandishi yaliyofungwa ndani ya mchoro hayakusomwa vizuri na injini za utafutaji kwa miaka mingi, hadi Google walipotangaza mwaka 2008 kuwa wameboresha njia ya kuyasoma. Kampuni iliandika sifa zake zote kwa herufi za dhahabu, kisha ikazificha zisionekane na yeyote anayeitafuta. Wangapi hutenda mema kwa siri namna hiyo?

Pigo kubwa lilitoka mfukoni. iPhone ilitoka mwaka 2007 bila Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple akaandika barua ya wazi kueleza kwa nini haitaingia. Walioumia kuliko wote ni wenye migahawa. Mwaka 2011 mwandishi Farhad Manjoo aliuliza katika jarida la Slate kwa nini tovuti za migahawa ni mbaya kiasi kile, na swali lilikuwa halali: mtu mwenye njaa, amesimama barabarani na simu, anataka menyu, anwani na saa ya kufunga, tovuti inampa saksafoni na mshumaa, tena simu yake haiwezi kuvionyesha. Adobe, walioirithi Flash kwa kuinunua Macromedia mwaka 2005, walitangaza Julai 2017 kuwa wataiacha mwisho wa 2020. Tarehe 12 Januari 2021 wakaizuia isicheze kabisa. Kampuni ambazo mlango wao wote ulikuwa utangulizi zilibaki na sanduku tupu.

Wapo waliodhani ndio mwisho. Fungua leo tovuti ya hoteli yoyote ya ufukweni. Droni inapaa juu ya minazi, jahazi linapita, jua linazama taratibu, mwanamke aliyevaa kofia pana anatembea kwenye maji, na bando lako linatembea naye. Bei za vyumba ziko chini huko, baada ya maneno yanayochomoza moja moja kila unaposogeza kidole. Flash imekufa; mkurugenzi yupo, projekta ipo. Google walisema mwaka 2016 kwamba asilimia 53 ya wanaofungua tovuti kwa simu huondoka ukurasa ukichukua zaidi ya sekunde tatu. Wengine husoma takwimu hiyo kwa hofu. Mwenye utangulizi aisome kwa utulivu: nusu ya wateja imechujwa, na iliyobaki ni ya watu wasio na haraka, hivyo hata akichelewesha mzigo wao hawatalalamika.

Niweke kejeli kando kwa aya moja. Upo mlango ambapo michoro inayocheza ina haki ya kukaa: wa anayeuza michoro yenyewe. Studio ya katuni, mtengenezaji wa michezo ya kompyuta, mtayarishaji wa filamu, hao bidhaa yao ndiyo hiyo, na mteja amekuja kuiona. Hata wao waizime sauti mpaka mgeni aiombe, na wakumbuke kuwa miongozo ya W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 2008 inakataza kitu kumwekamweka zaidi ya mara tatu ndani ya sekunde moja, kwa sababu mwanga wa namna hiyo unaweza kumwangusha mtu mwenye kifafa. Simu za leo zina mpangilio wa kupunguza michoro inayocheza, na tovuti inaweza kuusoma na kuutii. Wengine wote, wauza saruji, mawakili, kliniki za meno, vyuo, mabasi ya mikoani, hawana sababu yoyote isipokuwa ile niliyokwisha kuieleza ya mkurugenzi na tabasamu lake.

Nayo ni sababu ya kibinadamu, siidharau. Kwa hiyo mwenye kampuni, kama unao utangulizi, usiuondoe kwa ajili ya maneno yangu. Uonyeshe kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka, ucheze hata mara mbili, familia ikiwapo. Tovuti iachie jina, kazi mnayofanya, bei, mahali mlipo na namba ya simu inayopokelewa. Ukishindwa kuachana nao, basi walau jisajili Google Maps pamoja na saa zenu za kufungua, maana huko ndiko sisi wateja tunakokutafuta siku hizi, na huko hakuna muziki.