Kwato Si Ushahidi

Tangu mpwa wangu aanze kujiandaa na LSAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya sheria vya Marekani, hapa nyumbani Usevya hakuna anayeongea kwa raha. Ukisema ng'ombe wa watu wamemaliza mpunga, anakuuliza: "Mjomba, umewaona wakila, au umeona kwato tu?" Kwato, jamani! Zimeingia hadi katikati ya jaruba, mpunga hakuna. Nidhani ni nani, viboko wa Katavi?

"Hilo ndilo jibu C," anasema, na kuandika.

Sehemu ya mantiki ni dakika 35, maswali kama 25. Wanakupa hoja fupi na majibu matano, kazi yako kutafuta ilipooza, au kile ambacho msemaji amekimeza bila kukitaja. Zamani kulikuwa na mafumbo ya nani akae wapi. Hayo ningeyaweza, maana huku kila mtu anajua mkwe hakai mkeka mmoja na mkwewe. Wameyaondoa Agosti 2024, mantiki ikaongezwa iwe sehemu mbili. Yaani ubishi umepandishiwa dozi, na bando nalipa mimi.

Isitoshe, shahada anayo! Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza. Kwetu kijana anatoka kidato cha sita, matokeo yakiruhusu, anaingia. Nikamtajia Mzee Pinda, wa Kibaoni hapo jirani: alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 2008 akawa Waziri Mkuu, na LSAT hakuifanya.

"Mjomba, mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi."

Mtu mmoja! Mawaziri wakuu wa kutoka bonde hili anataka nimletee wangapi?

Juzi kulikuwa na gunia la kupeleka mashineni. Nikatangaza: asiyesaidia kukoboa leo, kesho hali wali. Hakuinuka. Akanieleza, kwa adabu kabisa, kwamba kauli yangu haisemi kuwa atakayesaidia atakula, kwa hiyo haoni kinachomsukuma. Nilibeba gunia mwenyewe huku nikitafuta jibu, na hadi nafika mashineni sikuwa nalo.

Dada yangu, mama yake, alikuwa kimya muda wote. Kesho yake akapakua wali, sahani ya kila mtu isipokuwa moja. Binti akauliza yake iko wapi.

"Itafute," dada akamwambia, "kwenye hayo majibu yako matano."