Yah: Ombi la Kuongezewa Muda wa Huzuni

Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani,
Washington.

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Tanga, mzima wa afya ukiacha mawazo ya kawaida ya bei ya sukari. Naandika kwa niaba ya jirani yangu, mjane, ambaye kwa hesabu zenu amebakiwa na wiki chache tu za kuhuzunika kihalali. Katika toleo la Mwongozo wenu wa magonjwa ya akili lililotoka Machi 2022 mliandika kwamba mtu mzima aliyefiwa, miezi 12 ikimpita bado anamlilia marehemu karibu kila siku, na akawa na dalili 3 kati ya 8 mlizozitaja, huyo si mfiwa tena, ni mgonjwa. Mtoto mmempa miezi 6. Wenzenu wa Shirika la Afya Duniani kule Geneva ni wabahili zaidi, wao hata mtu mzima wamempa miezi 6. Kwa hiyo jirani yangu leo ni mgonjwa akisomewa kitabu cha Geneva na ni mzima akisomewa cha Washington. Nimemshauri achague cha kwenu.

Hatuwalaumu kwa kuweka tarehe. Sisi wenyewe tunazo: siku 3 za matanga, arubaini, na mjane wa Kiislamu ana eda yake ya miezi 4 na siku 10. Ila tarehe zetu zilikuwa amri kwa watu wengine. Siku ya tatu mje kwenye hitma, arubaini mje mpike, eda ikiisha mje mumtoe. Ya kwenu anaihesabu mfiwa peke yake, kitandani.

Tunafahamu pia kwamba tarehe zenu hupanda na kushuka kama nauli ya daladala. Mwaka 1994 mliagiza daktari asiharakishe kumwita mfiwa mgonjwa wa sonona mpaka ipite miezi 2. Mwaka 2013 mkaufuta msamaha huo, ikawa hata aliyezika wiki 2 zilizopita anaweza kuandikiwa sonona. Sababu mlikuwa nayo, na hapa naweka kejeli pembeni: yupo anayefiwa na kweli sonona ikamwangukia, na kumnyima matibabu kwa kusema “si amefiwa tu” ni ukatili. Halafu ikaja 2022 na huzuni ya muda mrefu ikapata namba yake, F43.81. Mnasema bila namba bima hailipi. Hilo tunalielewa vizuri. Hapa hata kaburi lina stakabadhi.

Lakini Mwongozo una busara yake. Umesema huzuni ihesabiwe ugonjwa pale tu inapozidi waziwazi kile kinachotarajiwa katika jamii, utamaduni au dini ya mfiwa. Tulifurahi kuona utamaduni umesogezwa mbele, maana katika toleo la 2013 mliutengea mahali nyuma kabisa ya kitabu, kwenye orodha ya namna 9 ambazo watu wa mataifa huumia, na kutoka Afrika nzima mkachukua moja, ya Washona wa Zimbabwe, ya mtu anayewaza kupita kiasi.

Basi njooni mpime kinachotarajiwa kwetu.

Siku ya kwanza mtakuta turubai limefungwa mpaka katikati ya barabara, bajaji zinageuzia uani kwa watu, na hakuna anayelalamika. Viti vya plastiki vimeandikwa namba kwa rangi nyekundu. Daftari la rambirambi liko mezani na kalamu imefungwa kamba, kwa sababu tunaaminiana katika yote isipokuwa kalamu. Kundi la WhatsApp limefunguliwa kabla maiti haijaoshwa, na mweka hazina wake ana madaraka kuliko diwani. Uani kuna moshi na masufuria ya mkopo. Mjane amekaa chini kwenye godoro, amezungukwa na mashangazi, mawifi, somo yake, na mwanamke mmoja ambaye hakuna anayemjua ila analia kuliko wote. Watani wameshuka kutoka bara. Mmoja amevaa kanzu ya marehemu anaigiza alivyokuwa akikwepa madeni. Mwingine, inasimuliwa, aliingia kaburini akagoma kutoka mpaka alipwe. Mjane anaposimuliwa anacheka, na machozi yanamtoka palepale. Namba ya bima ya kumlipa mtani huyo sijaiona kwenye kitabu chenu.

Mkiondoka siku ya tatu jioni, mtaandika ripoti kwamba Waswahili wana tiba ya ajabu. Naomba mlale siku moja zaidi.

Siku ya nne asubuhi mwenye turubai anakuja na Kirikuu. Anahesabu viti mara mbili, kimoja hakionekani, anasimama mlangoni mpaka kaka wa marehemu amlipe. Kesho yake waajiriwa wanarudi kazini, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 iliweka siku 4 za likizo yenye malipo kwa aliyefiwa na mwenza, mzazi au mtoto. Mnaona ukarimu wenu? Ninyi miezi 12, mwajiri siku 4. Na lile kundi la WhatsApp wiki ile ile linabadilishwa jina, linakuwa kamati ya harusi ya mtu mwingine. Wajumbe ni walewale.

Ndani, eda inaendelea. Zamani (nalitaja neno hili kwa tahadhari, maana wazee wakisimulia zamani huwa hakuna aliyewahi kulala njaa) eda ilikuwa na zamu: leo analala wifi, kesho binamu, keshokutwa jirani anakuja na ukili wake kusuka mkeka na umbea. Sasa wifi yuko Dar, binamu yuko Muscat analea watoto wa watu, na zamu hufanywa kwa ujumbe wa sauti wa dakika moja unaoanza na “jikaze”. Anaambiwa ni kazi ya Mungu. Anaambiwa asilie sana, anamtesa marehemu. Anaambiwa ana watoto, kama vile alikuwa amewasahau.

Mwezi wa sita wa msiba akaenda zahanati moja hapa mjini. Hakusema ana huzuni. Haikumjia kwamba huzuni hupelekwa zahanati. Alisema kifua kinambana, kichwa kinamgonga upande mmoja, usiku mwili unawaka moto. Akapimwa malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria. Aliporudi akaambiwa ni vidonda vya tumbo, apunguze maharage. Shehe alimwandikia kombe kwa zafarani, na sitaki kubishana hapa kama kombe linatibu, ila shehe alimwuliza nyumbani anaishi na nani. Kwenye zahanati swali hilo halikuwa kwenye fomu.

Nimezisoma dalili zenu 8. Ya mwisho kabisa ni upweke mkali unaotokana na kifo hicho. Hongereni kwa kuuona. Lakini mmeuweka ndani ya mjane, pamoja na ganzi ya moyo na kuona maisha hayana maana, kana kwamba uliota humo. Upweke wa jirani yangu hauko kifuani mwake, hata mkimpiga picha ya eksirei. Uko Dar, uko Muscat, na kipande kingine kimekaa kibarazani nyumba ya tatu kutoka kwake, kinacheza bao.

Mtaniambia upweke ni ugonjwa wenu. Ndivyo tulivyoaminishana hata sisi. Mwaka 2023 daktari mkuu wa serikali yenu, Vivek Murthy, alitangaza kwamba kukosa watu kunafupisha maisha kiasi cha kuvuta mpaka sigara 15 kwa siku, nasi tukasikitika kama watu wanaotazama mafuriko ya nchi nyingine. Masikini Wazungu, bibi anafia ndani mpaka posta wamgundue! Kisha tarehe 30 Juni 2025 Tume ya Shirika la Afya Duniani ikatoa taarifa yake: duniani mtu 1 kati ya 6 ni mpweke; katika nchi tajiri ni kama asilimia 11, na katika nchi maskini ni kama asilimia 24. Zaidi ya mara mbili. Taarifa hiyo sijaisikia ikisomwa kwenye kikao chochote cha kusifia mila zetu.

Nina swali moja la kiufundi kabla sijaingia kwenye ombi. Miezi 12 inaanza kuhesabiwa lini? Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Maiti zilizopatikana zilikuwa kama 200. Waliopotea moja kwa moja walihesabiwa kuzidi 1,000. Katika dalili zenu ipo ya kutosadiki kwamba mtu amekufa. Mama wa Pemba ambaye mwanawe hakuoshwa, hakuzikwa, na jina lake halikuwa hata kwenye orodha ya abiria, asadiki nini? Mke wa aliyepotea hana hata siku ya kuanzia eda mpaka kadhi aamue. Yule anayeteremka bandarini meli ikitia nanga, akitazama wanaoshuka mmoja mmoja, mtamwandikia namba au mtamletea kiti?

Nauliza kwa sababu dawa ya kiti imeshajaribiwa, na ni kwa Washona walewale mliowaweka nyuma ya kitabu. Tangu 2006 Dkt. Dixon Chibanda na wenzake huko Harare wamekuwa wakiwafundisha bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi la zahanati na kumsikiliza mwenye mawazo mpaka wapate pa kuanzia. Mwaka 2016 majaribio yao yalichapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha nchi yenu, yakionesha nafuu ya wazi kwa waliokaa na bibi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Sisemi bibi wachukue nafasi yenu. Jirani yangu anahitaji mtaalamu pia, shida ni kwamba mtaalamu wa karibu kwake hayuko karibu.

Sasa ombi lenyewe. Mjane anaomba aongezewe miezi 5, kwa sababu zifuatazo ambazo naamini zina mashiko. Muda mlioutoa hakuutumia kuhuzunika. Alianza kufuatilia cheti cha kifo, ambamo jina la marehemu lilitofautiana na la kitambulisho kwa herufi moja. Akaenda serikali ya mtaa kuchukua barua. Mwenyekiti alikuwa msibani kwingine. Ukaitishwa kikao cha ukoo kumteua msimamizi wa mirathi, akidi haikutimia. Akaenda mahakamani, akaambiwa muhtasari wa kikao hauna sahihi ya shemeji, na shemeji ndiye anayekaa kwenye nyumba inayogombewa. Akafungua jalada la mafao ya marehemu, akaambiwa aje na nakala za kila kitu, kisha nakala za nakala. Katika foleni zote hizo alikuwa mkavu, amebana bahasha kwapani, hakutoa chozi, maana ukilia dirishani unaambiwa urudi kesho ukiwa umetulia. Siku hundi ilipotoka alirudi nyumbani, akavua viatu, akaanza kulia, na hajamaliza. Kwa hiyo kisheria naona huzuni yake ilianza siku hiyo.

Kama ombi hili litawawia gumu, napendekeza njia mbadala. Katika toleo lijalo ongezeni ugonjwa mpya, Ugonjwa wa Kutoweka kwa Waombolezaji. Mfiwa asipimwe kabisa. Apimwe mtu yeyote aliyekula pilau ya msiba, akaandika jina lake kwenye daftari, akamwambia mjane “tupo pamoja”, kisha miezi 12 ikapita hajabisha hodi. Ndugu wa damu apewe miezi 6, mweka hazina wiki 2. Atambuliwe kwa kubadili njia amwonapo mjane sokoni, kutuma picha za maua za kutakiana Ijumaa njema, kusema “jana tu nilikuwa nakuwaza”, na kushangaa kwa dhati anapoambiwa mjane amekonda. Utamaduni uzingatiwe, yaani kisingizio cha foleni za Dar kisikubaliwe kwa anayeishi hapahapa Chumbageni. Matibabu ni kwenda kukaa, saa moja kwa wiki, bila ushauri wowote. Atakayetamka “jikaze” aanze dozi upya.

Najua ugonjwa wa namna hii hauna kidonge na kwa hiyo hautapata mfadhili. Lakini wagonjwa wapo tele, na sehemu ya kuanzia utafiti nimeshawaonesha, pale kibarazani kwenye bao.

Mkiamua kunijibu, msinitumie nakala ya Mwongozo. Nimeona bei yake, imezidi dola 100. Tumeni fedha taslimu. Kwa kiasi hicho tutanunua mchele, nazi na viungo, tumpikie huyu mama siku ya kawaida isiyo na hitma wala arubaini, tuone nani atakuja.

Wenu katika ujenzi wa mataifa,

Mkazi wa Tanga
(napatikana jioni, baada ya swala)