Sifa za Chensoo Isiyowaka

Kila Pasaka, kwenye maonyesho ya Sydney Royal Easter Show kule Olympic Park, shoka hupewa uwanja wake. Mabingwa waliovaa fulana nyeupe na suruali nyeupe husimama mbele ya magogo, hesabu ikaanza, vibanzi vikaruka, na watu waliolipa kiingilio wakashangilia mpaka sauti zikawakauka. Msumeno wa kuvutwa na watu wawili nao hupigiwa makofi. Washangiliaji haohao wakirudi nyumbani wakamsikia jirani anavuta kamba ya chensoo kuukuu, la kwanza wanalotafuta ni namba ya simu ya halmashauri.

Dhuluma hii imedumu vya kutosha. Shoka lina mabingwa na medali. Chensoo ya zamani, ile ya petroli iliyochanganywa na oili, iliyobabuka rangi na kufungwa mfuniko kwa waya, haina wa kuisemea. Nitaisemea mimi. Na niseme mapema, msomaji asije akanishuku: sitaisifu kwa kazi yake. Kwa kazi hata punda husifiwa. Naisifu kwa kukataa kazi, ufundi ambao mashine mpya ya dukani haiupati mpaka ikae miaka mingi kwenye banda lenye unyevu.

Anayesifiwa hadharani hutajwa kwanza nasaba yake. Babu wa chensoo hakukata mti hata mmoja. Mnamo 1830 Mjerumani Bernhard Heine, fundi wa vifaa vya matibabu, alitengeneza msumeno mdogo wa mnyororo uliozungushwa kwa mkono, wa kukatia mifupa ya wagonjwa. Etha, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani mwaka 1846. Kwa hiyo wateja wa mwanzo waliusikiliza wakiwa macho. Mwaka 1929 Andreas Stihl wa Stuttgart akatoa mashine ya petroli ya kuangushia miti, yenye kilo 46, nao watu wawili wakaibeba. Meno yake ya leo yana asili nyingine. Mkata miti wa Oregon, Joseph Cox, alikaa akimtazama buu wa mdudu wa mbao akitafuna gogo, taya moja kulia, moja kushoto, akaunda mnyororo wenye meno ya kupishana namna hiyo, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Basi ukoo ndio huo: kuumeni msumeno wa mifupa, kukeni funza.

Ina malenga wake pia. Katika misitu ya kusini-mashariki mwa Australia, pamoja na hifadhi zinazoizunguka Sydney, yumo ndege aitwaye lyrebird, mwenye mkia mrefu na kipaji cha kuiga sauti yoyote. Ndiye aliyechorwa kwenye sarafu ya senti 10. Mwaka 1998, katika mfululizo wa filamu za BBC uitwao The Life of Birds, David Attenborough aliwaonyesha walimwengu lyrebird akiiga kamera ya mpiga picha, king'ora cha gari, halafu chensoo inayokata mti. Shoka halikuigwa. Wapo wanaonong'ona kwamba ndege wa kwenye filamu ile walikuwa wa kufugwa. Na iwe hivyo. Malenga wa masultani nao walifugwa, na hatujawahi kuwanyima ushairi wao.

Sasa tuje kwenye tabia, maana hapo ndipo penye utamu.

Chensoo kuukuu ina adabu ya chakula. Katika jimbo la New South Wales sheria ya mwaka 2007 iliwataka wauzaji watie ethanoli kwenye sehemu ya petroli yao, ndiyo maana vituo vingi vina bomba la E10, nafuu kidogo kuliko mengine. Gari la kisasa hunywa bila neno. Chensoo ya zamani hukataa. Ethanoli huvuta unyevu kutoka hewani, na mpira wa zamani ukikaa ndani yake huvimba, hukakamaa au hupasuka. Bibi huyu anataka petroli ya okteni 95 au 98 isiyo na ethanoli, iliyochanganywa na oili ya injini za namna yake: siku hizi mililita 100 kwa lita 5, ingawa nyingi za zamani zimeandikwa kwenye tangi lao kipimo kizito zaidi. Tena iwe mbichi. Iliyobaki tangu kiangazi kilichopita haiigusi. Mgeni akisusa kiporo kwa staha kiasi hicho, tungemwita mstaarabu. Yeye anaitwa mbovu.

Halafu inafundisha falsafa. Mwenye chensoo mpya hajui kwa nini inawaka, anajua tu kwamba inawaka. Mwenye kuukuu, alfajiri ya Jumamosi, hulazimika kurudi kwenye mambo ya asili: moto, mafuta, hewa. Anafungua plagi. Ikitoka imelowa na inanuka petroli, amezidisha choki, ile inayobana hewa. Kosa ni lake, si la mashine. Injini ikikohoa mara moja tu, choki irudishwe, maana anayeendelea kuivuta baada ya kikohozi kile anaizamisha. Dawa ni kuiacha plagi nje, kuvuta kamba mara kadhaa ipumue, kuikausha plagi na kuanza upya. Plagi ikiwa kavu kama kaa la jana, basi petroli haifiki, na uchunguzi unahamia kwingine: kichujio kidogo kinachoogelea ndani ya tangi, kijibomba cha petroli kilichokatika kwa uzee, au daiframu.

Hapa kwenye daiframu nitakaa, kwa sababu watu wengi hufa bila kuisifu. Kabureta ya pikipiki ina boya linaloelea, kwa hiyo haipendi kupinduliwa. Chensoo hulazwa ubavu, huinamishwa, hugeuzwa kichwa chini, na bado huunguruma. Siri yake ni utando mwembamba unaosukumwa na pumzi ya injini yenyewe, ukipanda na kushuka kila pistoni inapokwenda na kurudi, na hivyo kuivuta petroli upande wowote mashine ilipogeukia. Utando huo ukikakamaa, haupandi wala haushuki. Hauuzwi kwa bei kubwa, na kuubadilisha hakuhitaji ila bisibisi, meza safi na mtu asiyepiga chafya.

Mzee mmoja Mkongomani ninayemfahamu hapa Blacktown, Sydney, aliyepasua mbao Ituri kwa mikono yake kabla ya kuhamia huku, huwa haifungui kwanza. Huisikiliza. "Mdogo yangu," huniambia, "hii iko na njaa, haiko na ugonjwa." Njaa ni kabureta. Ugonjwa ni pale injini inapopiga yowe yenyewe na kugoma kushuka hata ukiachia kidole, kwa kuwa sili za shafti zimekauka na hewa inaingia isikoalikwa. Hewa ikizidi, petroli yenye oili inapungua, na pistoni inajikwaruza mpaka ife. Yowe hilo likisikika, zima. Pale hata mimi, wakili wake, nafunga jalada.

Yapo mengine nitayataja kwa haraka. Kichujio cha hewa kikung'utwe vumbi. Ekzosi hujaa masizi mpaka injini ikakosa pa kutolea pumzi, na watu wakailaumu kabureta isiyo na hatia. Kitundu cha kupitishia oili ya mnyororo huzibwa na unga wa mbao. Mnyororo ukikauka, hunuka na kutoa moshi. Mnyororo usilegee wala usikabwe: uvutwe kwa vidole, uinuke kidogo, vijino vya chini visitoke kwenye mfereji wake.

Meno nayo ni habari ndefu, hasa Sydney. Miti ya huku haina huruma. Ironbark ni mzito kiasi cha kuzama majini. Turpentine, mti mwingine wa hapahapa, una silika ndani ya ubao wake, na kwa sababu hiyo ulichaguliwa kuwa nguzo za magati ya bandari, kwani funza wa baharini huushindwa; silika hiyohiyo hula meno ya mnyororo kabla ya saa ya chai. Upo pia Sydney blue gum, mkaratusi unaopandwa sana Kenya kwa ajili ya kuni za viwanda vya chai na nguzo za umeme, na Mkenya anayefika hapa akadhani umeletwa kutoka Kericho husamehewa. Baada ya miti hii mnyororo hutema unga badala ya vibanzi, dalili kwamba umekuwa butu. Basi mtu huketi na tupa ya duara, milimita 5.5 kwa mnyororo mkubwa wa kawaida, akisukuma upande mmoja kwa pembe ya digrii 30 hivi, kila jino kwa idadi ileile ya misukumo. Akipendelea upande mmoja, msumeno utakata upinde. Mpaka amalize, jua linakwenda.

Na sheria hapo inamngoja. New South Wales hairuhusu chensoo isikike ndani ya nyumba ya jirani baada ya saa mbili usiku, wala kabla ya saa moja asubuhi. Jumapili na sikukuu ni kabla ya saa mbili asubuhi. Sijaona raia mtiifu kama chensoo kuukuu. Ikija kukubali kuwaka, saa mbili ya usiku imekwisha gonga.

Kuhusu mwili wa binadamu, ina rehema pia. Ncha ya juu ya ubapa unaobeba mnyororo ikigusa ubao, mashine huruka kumrudia mshikaji usoni kabla hajafumba macho. Breki ya kuusimamisha mnyororo ilianza kuenea miaka ya 1970, na nyingi zilizotangulia hazina. Kwa hizo, kutowaka ndiyo breki.

Ila fadhila yake kubwa ni kwa misitu. Kenya ilisimamisha ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, na mwaka 2023 rais akatangaza kuondoa zuio hilo. Chensoo yangu haijatangaza lolote na bado haikati. Hapa New South Wales, mwaka 2014, ilianza kanuni ya 10/50, inayowaruhusu wakazi wa maeneo ya hatari ya moto kukata miti iliyo ndani ya mita 10 kutoka nyumbani bila kibali. Haukupita muda, malalamiko yakaanza kwamba baadhi yao hawaogopi moto, wanataka kuiona bahari. Kila aliyekuwa na msumeno mpya aliona bahari. Wenye za zamani waliendelea kuona mti.

Nikiri kwamba kuna siku hoja yangu haisimami. Tarehe 21 Januari 1991 dhoruba iliangusha miti juu ya nyumba za vitongoji vya kaskazini mwa Sydney, Turramurra na jirani zake. Siku ya namna hiyo mtu aliyefungiwa na gogo mlangoni hahitaji falsafa. Anahitaji wale wanaojitolea wa State Emergency Service, waliovaa rangi ya chungwa, na misumeno yao inayowaka kwa mvuto wa pili, kwa sababu kuna mtu alibadilisha plagi wakati hakuna dhoruba. Sifa hizo ni zao, wala sizigombei.

Msomaji wa Sydney, wakati halmashauri yako inapokusanya takataka kubwa, ukipita kando ya barabara utaiona, imelala kati ya godoro na televisheni. Uliza kwanza kama mtaani kwako inaruhusiwa kuchukua. Kisha fungua ekzosi uchungulie pistoni kupitia tundu lake. Ikiwa ina michirizi ya kwenda juu na chini, iache palepale. Ikiwa laini, ibebe: mara nyingi tatizo ni kabureta, na kabureta inatengenezeka.